MAISHA YA DAKTARI MARJORY WARREN

Watu wengi hudhani ya kuwa uzee ni ugonjwa usio na dawa, na kwamba mzee akishalala kitandani hana la kungoja ila siku yake. Mmoja wa walioonyesha ubaya wa fikira hiyo ni Daktari Marjory Warren, ambaye Waingereza humwita mama wa tiba ya wazee. Habari zake zafaa kujulikana na kila mwanafunzi, hasa yule anayetaka kusomea kazi ya kutunza wazee.

Marjory Warren alizaliwa London mwaka 1897. Alisoma udaktari katika chuo cha wanawake, kwani siku zile vyuo vingi havikupenda kuwapokea, akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1926 aliajiriwa katika hospitali ya Isleworth, magharibi ya London, ambayo baadaye iliitwa West Middlesex.

Mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani nayo, yenye vitanda 714, na Daktari Warren akapewa kazi ya kuiangalia. Humo alikuta wazee wengi waliolazwa kwa muda mrefu bila kuchunguzwa sawasawa. Walilishwa na kusafishwa, lakini hakuna aliyetazamia kuwa watainuka. Kumbe kule kulala tu kulikuwa kunawadhuru: misuli hunyauka, viungo hukakamaa, vidonda hutokea mgongoni, na moyo wa mtu huvunjika.

Basi Daktari Warren alimpima kila mgonjwa, mmoja mmoja. Aliwagawa kwa makundi kadiri ya hali zao, ili waliochanganyikiwa wasilazwe pamoja na wenye akili timamu. Aliwatia mwanga vyumba vya wagonjwa, akatafuta vitanda na viti vinavyomfaa mzee. Waliopatwa na kiharusi walifundishwa kusimama, kisha kutembea, kuvaa na kula wenyewe.

Lakini hakuifanya kazi hiyo peke yake. Aliona ya kuwa daktari hutibu ugonjwa tu, lakini mzee huhitaji zaidi ya hayo. Kwa hiyo aliwaunganisha daktari, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwalimu wa kazi za mikono, na ofisa wa ustawi wa jamii wa kuuliza: mgonjwa huyu akitoka, atakaa wapi, na nani atampikia? Wote walishauriana juu ya mgonjwa mmoja.

Matunda yake yalionekana. Wengi walirudi makwao, hata vitanda vilivyohitajiwa vikapungua kutoka 714 mpaka 240, na vilivyobaki wazi wakapewa wagonjwa wengine.

Mwaka 1943 na 1946 aliandika katika magazeti ya madaktari, akidai kila hospitali kubwa iwe na sehemu ya wazee, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe elimu hiyo. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa madaktari walioanzisha chama cha tiba ya wazee nchini Uingereza. Alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 62.

Mbegu aliyoipanda haikufa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya pamoja kwa wazee, unaohimiza kupima mwendo, chakula, macho, masikio, kumbukumbu na furaha ya mzee, na kuwasaidia pia jamaa wanaomtunza.

Wanafunzi wenzangu, kazi hii ina milango mingi. Mwenye kupenda Biolojia aweza kuwa daktari au muuguzi. Mwenye kupenda michezo aweza kusomea mazoezi ya viungo. Mwenye kupenda kusikiliza watu aweza kusomea ustawi wa jamii. Lakini yeyote atakayeingia na akumbuke somo la Daktari Warren: asimwite mzee kuwa hana tiba kabla hajamchunguza.