Msamaha Usiofuta Ukweli: Funzo la Askofu Kivengere

Katika Kiswahili, kitenzi kusamehe hutumika kwa makosa na vilevile kwa madeni. Mtu husamehewa dhambi, na mtu husamehewa kodi. Kwa sisi tunaofundisha isimu, ukuruba huu wa maana una la kutufunza. Asiyejua anadai kiasi gani hawezi kulisamehe deni. Huweza tu kulipuuza. Naam, mtu aliyeuelewa ukweli huo barabara ni marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda.

Kivengere alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akawa mwalimu. Alipokuwa kijana aliguswa na uamsho wa kiroho ulioenea kutoka Rwanda hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Waumini wake walisisitiza kuungama hadharani na kupatana na jirani. Kivengere alikuwa na chuki dhidi ya Mzungu mmoja. Hakungoja aombwe radhi. Alipanda baiskeli, akaenda safari ndefu hadi nyumbani kwa mtu huyo, akamwomba msamaha kwa kumchukia.

Katika miaka ya 1940 alikwenda Dodoma kufundisha. Kiswahili chake kilikomaa hata Billy Graham alipohubiri Tanganyika mwaka 1960, mkalimani alikuwa yeye. Mwaka 1972 alifanywa Askofu wa Kigezi. Wakati huo Idi Amin alikwisha kutwaa madaraka, na damu ilikuwa ikimwagika.

Mapema mwaka 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilidai kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kivengere, ambaye maisha yake nayo yalikuwa hatarini, alivuka milima usiku kwa miguu pamoja na mkewe, Mera, wakaingia Rwanda.

Uhamishoni aligundua kwamba uchungu ulikuwa ukimla moyo. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani mjini London, aliitafakari sala ya Kristo msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha, akaamua kumsamehe Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda dikteta huyo. Wengi walishangaa.

Lakini tutazame vyema alichokifanya. Kivengere hakupunguza hata senti moja ya deni. Aliusimulia ulimwengu jinsi Luwum alivyouawa na jinsi Waganda walivyoteseka. Alichoachilia ni haki ya kulipiza kisasi. Wala hakuweka sharti la toba, kwani Amin hakuwahi kutubu hadharani hadi alipofariki Jeddah mwaka 2003. Kivengere alirejea nyumbani baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, akaaga dunia Nairobi mwaka 1988. Lau angengoja kuombwa radhi, angalikufa akiwa mfungwa wa chuki yake.

Wapo wanaosema kuwa msamaha usio na masharti huwapa waovu kibali. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana wapo pia wazee wa kanisa na wakuu wa shule ambao humhimiza aliyedhulumiwa asamehe upesi ili mambo yazimwe. Hao hawaombi msamaha; wanaomba usahaulifu. Msamaha wa Kikristo haumzuii hakimu kuhukumu, wala haumzuii mwalimu kumwadhibu mwanafunzi mkorofi. Unachozuia ni sisi kuugeuza moyo kuwa ghala la visasi.

Kwa hivyo, mwalimu anapowapatanisha wanafunzi wawili waliogombana, na aanze kwa kuuliza ni nini kilichotendeka, na aliyekosewa asikilizwe hadi mwisho. Deni likishatajwa lote, hapo ndipo msamaha unapokuwa na kitu cha kusamehe.