Seyyid Said na somo la mti mmoja

Juzi nilikwenda kuangalia shamba la minazi alilotuachia marehemu babu, nikakuta chonga ameshapita. Makuti machanga yamekatika kama kwa mkasi, na minazi miwili imekufa kichwa. Njiani nikirudi, nikawa namfikiria mtu aliyeibadilisha miti ya pwani yetu kuliko mtawala mwingine yeyote: Seyyid Said bin Sultan.

Alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala mwaka 1806 angali kijana. Sisi wa Mombasa twamjua zaidi kwa vita, kwani alipambana na Mazrui kwa miaka mingi hadi akauchukua mji mwaka 1837. Lakini alama yake kubwa aliiacha mashambani.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Said aliona faida yake mapema. Akaupanda kwa wingi katika mashamba yake, kisha akawaamuru wenye ardhi nao wapande, na asiyetii huenda akanyang'anywa shamba. Minazi mingi ikakatwa kuipisha mikarafuu.

Habari hii haisimuliwi kwa haki bila kutaja jasho la nani lilimwagika. Waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1845 Said alikubali mkataba wa kuzuia watumwa kupelekwa nje ya milki yake ya Afrika, lakini mashambani utumwa uliendelea.

Unguja ikatajirika, akaifanya makao yake makuu. Ila kila mtu alipopanda mti ule ule, karafuu zilijaa sokoni na bei ikaanguka, naye yuhai akishuhudia. Alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Oman kurudi Unguja.

Hakuwahi kukiona kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Karne iliyofuata yakaja maradhi ya kifo cha ghafla, mti mzima ukawa unakauka kwa muda mfupi.

Simlaumu Said kwa kuupenda mkarafuu. Kosa lilikuwa kuutegemeza uchumi wote juu ya mti mmoja, na sisi twalirudia. Shamba la babu ni minazi mitupu, tena mizee.

Nimeshaanza kuyachoma magogo yaliyooza, kwani humo ndimo chonga hutaga mayai. Mvua ikinyesha, Mungu akijaalia, nitapanda miche mipya ya minazi, na kati yake mikorosho, miembe na michungwa. Ndugu msomaji, nawe hebu lizunguke shamba lako uhesabu: ukipatwa na mdudu mmoja tu, utabaki na nini?