Mtu Aliyeokota Dhahabu ya Coloma

Wengi hudhani kwamba mtu aliyevumbua dhahabu ya California alikufa tajiri. Sivyo. Mtu huyo ni James Marshall, naye alikufa maskini.

Marshall alizaliwa mwaka 1810 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi, naye akamfundisha mwanawe useremala. Mwaka 1845 Marshall alifika California, nchi iliyokuwa bado chini ya Mexico, akapata kazi kwa bwana mmoja mwenye mashamba makubwa, jina lake John Sutter.

Mwaka 1847 wawili hawa walipatana kujenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa nguvu ya maji, katika bonde la Coloma. Sutter alitoa fedha, Marshall akasimamia kazi. Asubuhi ya tarehe 24 Januari, 1848, Marshall alipokuwa akikagua mfereji, aliona vipande vidogo vinang'aa majini. Akaokota kimoja, akakigonga kwa jiwe. Hakikuvunjika, kilibonyea tu. Ilikuwa dhahabu.

Sutter alitaka iwe siri, lakini habari za dhahabu hazifichiki. Kufikia mwaka 1855 watu wapatao 300,000 walikuwa wamemiminika California. Coloma ikawa mji wa maelfu. Kabila la Nisenan, wenye bonde lile tangu zamani, wakafukuzwa na wengi wakauawa. Vibarua wakaacha mbao wakakimbilia dhahabu, na kiwanda kikafa. Wachimbaji walimfuata Marshall kila aendako, wakiamini kuwa ana uganga wa kuiona dhahabu ardhini.

Baada ya miaka michache dhahabu ya Coloma ilipungua, watu wakahama kama nzige waliomaliza shamba. Marshall alipanda mizabibu, akashindwa. Akachimba tena, asipate kitu. Mwaka 1872 serikali ya jimbo ilianza kumpa dola 200 kwa mwezi. Baadaye zikapunguzwa nusu, na mwaka 1878 zikakoma. Akaishi kwa uhunzi katika kijiji cha jirani, Kelsey, hata alipofariki tarehe 10 Agosti, 1885.

Mwaka 1890 sanamu yake ilisimamishwa juu ya kaburi lake, kidole kikielekea pale alipookota dhahabu. Coloma yenyewe sasa ni kijiji kidogo tu. Nami nikiifikiria sanamu hiyo hushangaa: serikali ile ile iliyokosa dola za kumlisha mzee huyu alipokuwa hai, ilizipata za kumchonga alipokwisha kufa.