John Peter Altgeld

John Peter Altgeld (30 Desemba 1847 – 12 Machi 1902) alikuwa mwanasheria, jaji na mwanasiasa wa Marekani, mzaliwa wa Ujerumani. Alikuwa gavana wa 20 wa jimbo la Illinois kuanzia Januari 1893 hadi Januari 1897. Anajulikana hasa kwa kuwaachia huru wafungwa watatu wa kesi ya Haymarket, uamuzi ambao alilaumiwa kwao hadi kufa, na ambao ndio unaofanya akumbukwe hadi leo.

Maisha ya awali

Altgeld alizaliwa Niederselters, katika eneo la Nassau. Alikuwa bado mtoto mchanga wazazi wake walipohamia Marekani na kuanza kilimo karibu na mji wa Mansfield, jimbo la Ohio. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko alipata homa iliyoendelea kumsumbua maishani. Baada ya vita alifundisha shule, kisha akaelekea magharibi, akafanya kazi ya kibarua na kujisomea sheria. Alikubaliwa kuwa wakili katika jimbo la Missouri mwaka 1871.

Mwaka 1875 alihamia Chicago, ambako alitajirika kwa biashara ya viwanja na majengo. Mwaka 1877 alimwoa Emma Ford. Mwaka 1884 alitoa kitabu kuhusu mfumo wa adhabu, akionyesha kwamba magereza yalijaa maskini na kwamba kifungo kiliwaharibu wengi badala ya kuwarekebisha. Mwaka 1886 alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya wilaya ya Cook, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1891.

Mwaka 1892 alichaguliwa gavana kwa tiketi ya chama cha Democratic, akimshinda Joseph Fifer. Alikuwa gavana wa kwanza wa Illinois aliyezaliwa nje ya Marekani.

Msamaha wa wafungwa wa Haymarket

Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi katika miji mingi ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Tarehe 4 Mei mkutano ulifanyika katika uwanja wa Haymarket, Chicago, kulaani mauaji ya wafanyakazi waliopigwa risasi na polisi siku iliyotangulia. Polisi walipofika kuutawanya, mtu alirusha bomu. Polisi saba na raia wasiopungua wanne walikufa kutokana na mlipuko huo na risasi zilizofuata.

Aliyerusha bomu hakutambuliwa. Hata hivyo watu wanane, wafuasi wa itikadi ya kupinga serikali ya aina yoyote, walihukumiwa. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887 na mmoja alijiua gerezani. Samuel Fielden na Michael Schwab walibadilishiwa hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Oscar Neebe alikuwa amepewa miaka 15.

Altgeld aliposhika madaraka, watu wengi mashuhuri walikuwa wakiomba wafungwa hao waonewe huruma kwa kuwa walikwisha kuteseka vya kutosha. Yeye alisoma kumbukumbu za kesi kwa miezi kadhaa. Tarehe 26 Juni 1893 aliwaachia huru wote watatu na kutoa waraka mrefu wa sababu zake. Alieleza kwamba raia 12 walioamua kesi hiyo walikusanywa kwa upendeleo, kwamba hakuna ushahidi uliowaunganisha washtakiwa na mrusha bomu, na kwamba jaji Joseph Gary aliegemea upande wa mashtaka.

Hapo ndipo ghasia ilipozuka. Msamaha wa huruma ungewaacha mahakama na matajiri wa Chicago bila doa. Lakini kusema kwamba kesi yenyewe haikuwa ya haki kulimaanisha kwamba watu wanne walikuwa wamenyongwa kimakosa. Magazeti mengi yalimshambulia gavana, yakimwita adui wa sheria na kumkumbusha kwamba alizaliwa ugenini.

Utawala wake

Mwaka 1893 Illinois ilipitisha sheria ya viwanda iliyokataza kuwaajiri watoto wa chini ya miaka 14 viwandani na kuweka kikomo cha saa nane kwa kazi ya wanawake. Altgeld alimteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, cheo ambacho wanawake hawakuzoea kupewa wakati ule. Mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ilifuta kifungu cha saa nane, lakini ukaguzi uliendelea.

Mwaka 1894 kampuni ya mabehewa ya Pullman ilipunguza mishahara bila kupunguza kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake. Mgomo ulisambaa hadi kwenye reli za nchi nzima. Rais Grover Cleveland, wa chama kilekile cha Democratic, alituma wanajeshi Chicago bila kuombwa na jimbo. Altgeld alipinga, akisema kwamba askari wa jimbo walikuwa tayari na kwamba katiba haikumruhusu Rais kufanya hivyo. Cleveland hakurudi nyuma.

Katika elimu, Altgeld aliongeza fedha za Chuo Kikuu cha Illinois. Vyuo vya ualimu vya Charleston na DeKalb, ambavyo sasa ni vyuo vikuu, vilianzishwa mwaka 1895 wakati wa utawala wake.

Kuondoka madarakani na kifo

Mwaka 1896 alikuwa na nguvu kubwa katika mkutano wa chama uliomteua William Jennings Bryan kugombea urais. Mwenyewe hakuweza kugombea kwa sababu hakuzaliwa Marekani. Mwaka huohuo alishindwa ugavana na John Tanner. Siku ya makabidhiano, Januari 1897, alinyimwa hata nafasi ya hotuba ya kuaga ambayo kwa desturi gavana anayeondoka alipewa.

Baadaye alipoteza sehemu kubwa ya mali yake, akashindwa kugombea umeya wa Chicago mwaka 1899, na kurudi kwenye uwakili pamoja na Clarence Darrow. Usiku wa tarehe 11 Machi 1902, huko Joliet, alizidiwa baada ya kuhutubia mkutano wa kuwatetea Makaburu waliokuwa wakipigana na Uingereza nchini Afrika Kusini. Alifariki siku iliyofuata akiwa na miaka 54. Maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza lake Chicago. Alizikwa katika makaburi ya Graceland.

Urithi

Sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya Lincoln Park, Chicago, mwaka 1915. Majengo kadhaa ya vyuo vikuu vya Illinois yana jina lake. Mtaa wa Altgeld Gardens, uliojengwa kusini mwa Chicago miaka ya 1940 kwa ajili ya Wamarekani weusi, ni mojawapo ya sehemu ambako Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alifanya kazi za kijamii miaka ya 1980 kabla ya kuingia katika siasa.

Migomo ya mwaka 1886 ndiyo asili ya Mei Mosi, Siku ya Wafanyakazi, ambayo ni sikukuu ya taifa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Leo wanahistoria wengi wanakubaliana na Altgeld kwamba kesi ya Haymarket haikuendeshwa kwa haki.