Estridge: Mhandisi aliyewafungulia mafundi sanduku la kompyuta

FUNDI wa Nakuru anapofungua kompyuta kuukuu kwa bisibisi, akachomoa kadi iliyoharibika na kuweka nyingine iliyoundwa na kampuni tofauti kabisa, anafanya jambo ambalo lingeweza kuwa muhali. Uwezekano huo ulitokana na uamuzi uliopitishwa katika jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1980.

Aliyeusimamia uamuzi huo ni Philip Donald Estridge, mhandisi wa kampuni ya IBM aliyejulikana zaidi kwa jina la Don. Aliaga dunia mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 48, muda mrefu kabla ya kompyuta za mezani kuwa kitu cha kawaida katika shule na maduka ya Bonde la Ufa.

Estridge alizaliwa Juni 23, 1937, mjini Jacksonville, Florida. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Florida na kuhitimu mwaka 1959. Mwaka huo huo aliajiriwa na IBM, kampuni ambayo angeitumikia hadi kufa kwake.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa mbali na kompyuta za watu binafsi. Alishiriki katika mfumo wa rada wa ulinzi wa anga wa Marekani, kisha akafanya kazi katika miradi ya shirika la anga za juu, NASA. Mwaka 1969 alihamia ofisi za IBM zilizokuwa Boca Raton, katika jimbo lake la Florida.

Nyakati hizo IBM ilitajirika kwa kuuza na kukodisha mitambo mikubwa iliyojaza vyumba vizima. Kampuni hiyo ilizoea kujiundia karibu kila kitu, na wateja waliitegemea hata katika matengenezo. Kompyuta ndogo za kampuni changa kama Apple zilionekana kuwa vitu vya kuchezea tu.

Estridge hakuzidharau. Nyumbani kwake alikuwa na Apple II, mashine iliyotolewa mwaka 1977 ikiwa na nafasi nane za kuchomekea kadi. Mtumiaji aliweza kuifunika, kuifunua na kuiongezea uwezo kadiri mahitaji yake yalivyokua.

Mwaka 1980 William Lowe, mkuu wa ofisi za Boca Raton, aliwaahidi wakubwa wa IBM kwamba kompyuta ndogo ingeweza kuundwa kwa muda wa mwaka mmoja. Lowe alipopandishwa cheo, mzigo huo uliangukia mabega ya Estridge, aliyeanza na kikosi kidogo cha wahandisi.

Mwaka mmoja haukutosha kubuni kila kipande upya. Ndipo kikosi hicho kikaamua kununua vipande vilivyokwisha kuwapo sokoni. Prosesa ilitoka Intel, nayo programu ya kuendeshea mashine ikatoka Microsoft, iliyobaki na haki ya kuiuza kwa wengine.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa ajabu zaidi kwa kampuni yenye usiri kama IBM. Ubao mkuu uliwekewa nafasi tano za kadi, na kikachapishwa kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, ili kampuni yoyote iweze kuunda kadi za kuingia katika mashine hiyo.

Kompyuta hiyo, IBM PC, ilizinduliwa Agosti 12, 1981. Bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565 za Marekani, pamoja na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Mnunuzi aliyetaka zaidi aliweza kuongeza hatua kwa hatua hadi kilobaiti 256.

Mauzo yalipita matarajio ya waliokuwa na matumaini makubwa. Kufikia mwaka 1984 idara iliyoanza na watu wachache ilikuwa na wafanyakazi karibu 10,000. Estridge, aliyependa kuvaa buti za wachunga ng'ombe miongoni mwa maafisa wa suti nyeusi, akawa mtu mashuhuri. Mwaka 1983 Steve Jobs alijaribu kumshawishi akaongoze Apple, lakini alikataa.

Agosti 1984 ilitoka mashine iliyoitwa AT, na ndani yake kulikuwa na somo kubwa kwa mafundi. Nafasi zake mpya za kadi zilirefushwa ili kupitisha data nyingi zaidi kwa mkupuo, lakini kadi nyingi za zamani bado ziliingia na kufanya kazi. Aliyenunua jana hakulazimika kutupa kila kitu leo.

AT pia ilikuwa na saa iliyoendeshwa na betri hata umeme ulipozimwa. Betri hiyo ikichoka, mashine husahau tarehe na mpangilio wa diski zake. Hadi leo, kompyuta kuukuu inayodai kuwa iko katika mwaka uliopita zamani mara nyingi haina ugonjwa mwingine ila kuishiwa na betri ndogo ya bei nafuu.

Hata hivyo, mlango uliowakaribisha waunda kadi uliwakaribisha washindani pia. Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982 jijini Houston, iliandika upya, bila kunakili, programu ya msingi inayoiamsha mashine. Hiyo ndiyo sehemu kuu ambayo IBM ilikuwa imeilinda kwa hakimiliki. Baada ya hapo kampuni nyingi zikafuata, na bei zikaporomoka.

Mambo yalianza kumwendea kombo Estridge. PCjr, kompyuta ya nyumbani iliyotangazwa mwaka 1983, haikupendwa na ikasitishwa mwaka 1985. Mapema mwaka huo aliondolewa katika uongozi wa idara aliyoijenga na kukabidhiwa wadhifa wa kusimamia viwanda vya kampuni.

Agosti 2, 1985, yeye na mkewe, Mary Ann, walikuwa abiria wa ndege ya Delta nambari 191 iliyotoka Fort Lauderdale. Ilipokaribia kutua Dallas, upepo mkali wa dhoruba uliisukuma chini ikaanguka. Watu 137 walifariki, wakiwamo wanandoa hao walioacha mabinti wanne.

Miaka miwili baadaye, IBM ilijaribu kuufunga mlango. Kompyuta zake za PS/2, zilizotolewa mwaka 1987, nyingi zilikuwa na nafasi za aina mpya zisizokubali kadi za zamani, na washindani waliotaka kuiga walitakiwa kulipa ada. Wengi walikataa, na soko likabaki na mfumo wa wazi. Mwaka 2005 IBM iliuza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa Lenovo ya Uchina.

Kampuni ilipoteza, lakini umma ulifaidi. Kompyuta za mitumba kutoka Ulaya na Marekani zilipomiminika Kenya miaka ya 2000, zilifika zikiwa na umbo lile lile la kufunguka. Kumbukumbu ya mashine iliyokufa ingeweza kuifufua nyingine, na mashine tatu mbovu zikazaa mbili nzima za kufundishia wanafunzi.

Nakuru ina maadui wake wa kompyuta. Jina lenyewe hufasiriwa kutokana na Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, na vumbi hilo huziba feni hadi prosesa ikapata joto na mashine kujizima. Aidha, ingawa Olkaria, karibu na Naivasha, imezalisha umeme wa mvuke tangu 1981, mwaka ule ule wa IBM PC, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza visanduku vya kugawia umeme. Yote hayo hutibika kwa brashi, bisibisi na kipuri.

Urithi huo sasa unapungua. Kompyuta nyingi za kisasa, hasa za mkononi, zina kumbukumbu iliyolehemewa kwenye ubao na betri iliyobandikwa kwa gundi. Kipande kimoja kikiharibika, mwenyewe hushauriwa kununua mashine mpya, na fundi hukosa riziki yake.

Boca Raton imempa Estridge shule inayobeba jina lake. Kwa mafundi wa Bonde la Ufa, kumbukumbu yake ni parafujo zinazofunguka.