Ernest Cole: Aliyewaanika Makaburu kwa kamera, akafia ugenini

Ukitaka kujua ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulimfanya nini mtu wa kawaida, tazama picha za marehemu Ernest Cole. Nyingi hazina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, na nyingi alizipiga barabarani.

Cole alizaliwa mwaka 1940 Eersterust, karibu na Pretoria. Jina la ukoo lilikuwa Kole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata kazi katika jarida la Drum, Johannesburg.

Wakati huo kila Mwafrika alilazimika kutembea na pasi, asipokuwa nayo anafungwa. Cole akageuza jina na kufanikiwa kuandikishwa kama chotara, hivyo akapita mahali ambapo wenzake wasingethubutu. Kamera aliificha ndani ya mfuko wa chakula.

Aliwapiga picha wanaume waliopangwa uchi ukutani wakipimwa afya kabla ya kuingia migodini, watu waliofungwa pingu kwa sababu ya pasi, watumishi wa majumbani, na mtoto anayezabwa kibao na Mzungu kwa kuomba senti.

Mwaka 1966 polisi walimkamata pamoja na vijana wa mitaani aliokuwa akiwapiga picha. Wakamtaka achague: awe mpelelezi wao au ashitakiwe. Akatoroka nchi. Mwaka 1967 kitabu chake, House of Bondage, kilitoka New York. Makaburu wakakipiga marufuku, na mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa.

Huko Marekani alipiga picha maisha ya watu weusi, mijini na majimbo ya kusini, na kwa vipindi aliishi Sweden. Lakini upweke ulimzidi. Katika miaka ya 1970 aliacha kamera, akakosa hata pa kulala. Aliyewapiga picha wasio na kwao akawa mmoja wao.

Alifariki kwa saratani New York, Februari 19, 1990, akiwa na umri wa miaka 49. Mandela alikuwa ametoka gerezani siku nane tu kabla.

Mwaka 2017 negativu zake zaidi ya 60,000 zilipatikana katika benki mjini Stockholm, na dunia ikaanza kumsifu upya. Sifa hizo hazikumkuta. Sisi tulio ughaibuni tunao wenzetu wanaopotea hivyo hivyo mbele ya macho yetu. Tuwajulie hali wangali hai, tusingoje kuchanga pesa za mazishi.