Robert Remak na Kugawanyika kwa Seli

Mmekwisha kujifunza kwamba mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa seli. Seli nyingi ni ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini. Mtoto anapokua, seli zake huongezeka. Je, seli mpya hutoka wapi?

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba seli hujitunga zenyewe ndani ya majimaji, kama vile chembe za chumvi zinavyotokea maji ya bahari yanapokauka. Aliyeonyesha kwamba sivyo ni Robert Remak.

Remak alizaliwa mwaka 1815 katika mji wa Posen, uliotawaliwa na dola ya Prussia. Leo mji huo huitwa Poznań, nao umo nchini Polandi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin, akahitimu mwaka 1838. Lakini alikuwa Myahudi, na sheria ya Prussia haikumruhusu Myahudi kufundisha chuoni. Angebadili dini angepata kazi. Alikataa. Akajipatia riziki kwa kutibu wagonjwa, huku akiendelea na uchunguzi wake. Mwaka 1847 aliruhusiwa hatimaye kufundisha katika chuo kile.

Remak alichunguza damu ya vifaranga ambao hawajaanguliwa. Humo aliona seli zilizobanwa katikati, karibu kukatika ziwe mbili. Kisha alichunguza mayai ya chura. Yai la chura ni laini, hivyo aliyatia mayai katika dawa iliyoyafanya yawe magumu, ndipo akaweza kuuona vizuri utando unaozunguka kila seli. Yai lililorutubishwa ni seli moja. Aliona seli hiyo ikigawanyika kuwa 2, kisha 4, kisha 8, na kuendelea hivyo mpaka kiluwiluwi akaumbika. Hakuona hata seli moja iliyojitunga yenyewe katika majimaji.

Mwaka 1852 alitangaza kwamba kila seli hutokana na seli nyingine iliyogawanyika. Wengi walikuwa wazito kukubali. Mwaka 1855 daktari mashuhuri, Rudolf Virchow, aliandika jambo hilo hilo bila kumtaja Remak, ingawa alizijua kazi zake. Haikuwa haki, kwa miaka mingi sifa zote zilimwendea Virchow.

Remak alifariki mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuwahi kupewa cheo cha profesa kamili.